Uzi: Risiva ya GPS kwa ajili ya kishikwambi kabla ya kwenda porini, nichukue ipi?

#1 Nanga_Tupu
Wakuu, habari za wakati huu. Kuna safari ya gari mwezi wa nane: Dar, Iringa, Mbeya, Sumbawanga, kisha Sitalike kwa ajili ya hifadhi ya Katavi, na kumalizia Mpanda. Ramani zitakuwa kwenye iPad kizazi cha 9, ile ya Wi-Fi tu isiyo na sehemu ya laini. Hapa mjini inaonyesha nilipo vizuri kabisa, lakini naambiwa porini haitaonyesha kitu. Ni kweli? Na kama inahitaji risiva ya nje, ipi? Nimeona zipo za USB ndogo kama flashi na zipo za Bluetooth, bei zimepishana mno. Naomba majibu ya wanaoijua hii kitu.

#2 Mpimaji_36S
Ni kweli mkuu. iPad ya Wi-Fi tu haina chipu ya GPS ndani. Mjini inakudanganya kwa sababu inasikiliza namba za utambulisho za Wi-Fi za majirani, inazilinganisha na hifadhidata ya Apple, halafu inakadiria uko wapi. Ukishapita Sumbawanga kuelekea Sitalike hakuna Wi-Fi ya jirani, kwa hiyo nukta ya bluu inapotea au inaganda pale ilipoonekana mara ya mwisho. iPad zenye sehemu ya laini ndizo zenye GPS, na hizo hufanya kazi hata kama laini haijawekwa.

Sasa kabla hujaangalia bei wala idadi ya setilaiti, jiulize swali moja: risiva hiyo itaongeaje na kifaa chako? Wengi wanapotelea hapo. iPadOS haikubali risiva yoyote ile ya Bluetooth. Zile za kawaida zinazotumia mfumo wa serial wa Bluetooth, ambazo Android na Windows wanazipokea, iPad itakataa kuoanisha, au itaoanisha na isipate chochote. Inatakiwa risiva iliyoidhinishwa na Apple, na sanduku lake huandikwa wazi kuwa ni kwa ajili ya iPhone na iPad. Zinazojulikana ni Garmin GLO 2, Dual XGPS150A na XGPS160, na familia ya Bad Elf. Ukioanisha mojawapo kwenye mipangilio ya Bluetooth, mfumo wenyewe unaichukua kama chanzo cha mahali na kila programu ya ramani inafaidika bila kuchezea kitu kingine.

Vile vya USB kama flashi sahau kwa iPad. Hata ukipata adapta, iPadOS haina programu ya kuvisoma (wenyewe wanaiita "driver").

#3 Shemeji wa Tunduma
Mbona mnamzungusha? Atumie simu yake tu, kila simu ina GPS.

#4 Mpimaji_36S
Shemeji hujakosea. Kama lengo ni kujua "niko wapi na njia panda ijayo iko wapi", simu ya Android ya kawaida yenye Organic Maps au OsmAnd, ramani zikiwa zimepakuliwa, inatosha na ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. iPad inabaki kwa ajili ya kuangalia eneo kwa upana. Risiva ya nje inalipa pale dereva au msaidizi wake anapotaka skrini kubwa inayosogea yenyewe, au pale unaporekodi njia kwa usahihi.

Ila usidhani utawasha hotspot ya simu na iPad ichukue GPS ya simu moja kwa moja. Zipo programu za kurusha data ya GPS kutoka simu kupitia Wi-Fi, lakini upande wa pili lazima programu ya ramani iwe na uwezo wa kuipokea, na nyingi hazina.

#5 Bi Kaskazi
Naongeza kwenye hizo risiva za Bluetooth, maana sanduku zinatofautiana kwa mambo yanayoonekana madogo.

GLO 2 inapokea GPS na GLONASS (mfumo wa setilaiti wa Urusi) na kutoa mahali mara 10 kwa sekunde. XGPS160 nayo ni mara 10, inaunganishwa na vifaa hadi 5 kwa wakati mmoja, na ina kumbukumbu ya ndani ya kuhifadhi njia. Betri za hizi ni za saa 10 hadi 13 kwa maelezo ya viwanda, yaani siku moja ya kuendesha. Siku ya pili lazima uwe umechaji.

Je, mara 10 kwa sekunde ni muhimu? Kwa gari, kidogo. Ukienda kilomita 80 kwa saa, gari linasogea mita 22 kila sekunde. Risiva ya mara moja kwa sekunde itakuonyesha nukta ikiruka mita 22, ya mara 10 itaruka mita 2 na kitu. Kwa macho inapendeza. Kwa kutafuta njia panda ya porini ukiwa kwenye kilomita 25 kwa saa, hutaona tofauti. Usilipie zaidi kwa sababu hiyo peke yake.

Pia wauzaji wanapenda kuandika WAAS na EGNOS kwa herufi kubwa. Hiyo ni mifumo ya kusahihisha GPS ya Amerika Kaskazini na Ulaya. Kwetu huku haituhudumii. Ukiona risiva mbili, moja inasifiwa kwa WAAS na nyingine inapokea GPS, GLONASS, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, chukua ya pili, mradi inaongea na kifaa chako.

#6 Nanga_Tupu
Ahsante dada. Kwenye maelezo wanaandika usahihi wa mita 2.5 CEP. Ina maana itakosea mita mbili na nusu tu?

#7 Mpimaji_36S
Hapana. CEP maana yake nusu ya vipimo viko ndani ya mita 2.5. Nusu nyingine viko nje. Ukitaka duara litakalobeba vipimo 95 kati ya 100, zidisha kwa 2 na kidogo: takribani mita 5. Na hiyo ni uwanjani peupe, antena ikiona anga lote. Chini ya miti minene au kwenye korongo kama Kitonga, ongeza.

Kuna jambo la huku kwetu la kuzingatia. Tuko karibu na ikweta, na ionosfera, yaani tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, huku inachafuka zaidi kuliko Ulaya, hasa kuanzia jua kuzama hadi karibu usiku wa manane, na zaidi miezi ya 3 na 4 na ya 9 na 10. Mawimbi ya setilaiti yanayumba, mahali panacheza, wakati mwingine setilaiti kadhaa zinapotea kwa pamoja. Risiva za masafa mawili, L1 na L5, zinaweza kupima ucheleweshaji wa ionosfera na kuuondoa. Za masafa moja hukadiria tu kwa fomula. Kwa mwendo wa mchana mwezi wa nane, masafa moja yanatosha. Anayepima mipaka ya shamba jioni, hilo ni suala jingine.

#8 Mzururaji
Samahani kuingilia. Mimi nina kishikwambi cha Android, GPS yake ya ndani ni mbovu, inachukua muda mrefu mno kushika. Naweza kutumia vile vya USB?

#9 Fundi Waya
Unaweza, na kwa Android ndiyo njia rahisi, ila kuna mitego.

Vya USB vinavyopatikana sana ni VK-172 (kama flashi) na VK-162 (kama kipanya chenye waya na sumaku chini). Chukua chenye waya. Cha flashi kinachomekwa kwenye kishikwambi, kwa hiyo antena inakaa pale pale penye kelele za umeme za skrini na chaja, na haioni anga. Chenye waya unakiweka juu ya dashibodi au juu ya bati la gari, na bati lenyewe linaisaidia antena.

Angalia pia chipu. Tangazo linasema u-blox 8 (u-blox ni kampuni ya chipu za GPS), ukifungua ni u-blox 7, au ni chipu isiyo ya u-blox kabisa. Ukiwa na kompyuta ya Windows, chomeka, fungua programu ya u-center ya u-blox wenyewe ambayo ni ya bure, na uangalie ujumbe wa MON-VER. Unakutajia toleo la chipu. Ukikaa kimya, umeuziwa kitu kingine. Si lazima kiwe kibovu, ila usilipe bei ya u-blox.

Ukinunua ya zamani kama BU-353S4, hiyo inatumia kasi ya kutuma data ya biti 4800 kwa sekunde, wakati u-blox 7 na 8 zinakuja na 9600, na za kizazi cha 9 zinakuja na 38400. Ukiweka kasi isiyo sahihi kwenye programu utaona herufi za ajabu ajabu badala ya mistari ya taarifa za mahali na saa inayoanza na $GPGGA au $GNRMC. Hapo risiva haijafa, badilisha kasi tu.

Upande wa kishikwambi:

1. Hakikisha kina OTG, yaani uwezo wa kusoma vifaa vya USB vinavyochomekwa. Chomeka flashi ya kawaida na adapta. Ikisomeka, OTG ipo.
2. Fungua Kuhusu kifaa, gusa namba ya toleo la mfumo mara 7 hadi menyu ya wasanidi programu itokee.
3. Sakinisha programu ya kusoma risiva ya nje. GNSS Master inafaa kwa USB na Bluetooth.
4. Ndani ya menyu ya wasanidi, kwenye sehemu ya kuchagua programu ya kuigiza mahali, ichague hiyo.
5. Kwenye mipangilio ya betri, iruhusu ifanye kazi nyuma ya pazia bila kizuizi. Tecno, Infinix na Xiaomi wana tabia ya kuua programu skrini ikizimwa, na hapo nukta inaganda huku wewe unadhani ni setilaiti.

Hatua ya 4 ina gharama yake: baadhi ya programu za benki na za teksi zikigundua mahali panaigizwa zinagoma kufunguka. Ukirudi mjini, zima.

#10 Mzururaji
Fundi, na hilo la kuchukua muda mrefu kushika linatokana na nini? Risiva ya nje itaondoa?

#11 Fundi Waya
Itapunguza, haiondoi. Ili risiva ikokotoe mahali, lazima ijue kila setilaiti iko wapi angani kwa usahihi. Taarifa hiyo setilaiti yenyewe inaituma, na mzunguko mmoja unachukua sekunde 30. Ukikatika katikati kwa sababu ya mti au lori lililopita, unasubiri mzunguko mwingine. Orodha ya jumla ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kupokelewa yote. Simu zenye bando zinaruka hatua hii kwa kupakua taarifa mtandaoni, ndiyo maana watu wanadhani GPS inatumia bando. GPS yenyewe haitumii hata shilingi, inasikiliza tu. Bila mtandao inachelewa kuanza, basi.

Kwa hiyo asubuhi washa risiva gari likiwa limesimama peupe, dakika 2 au 3 kabla ya kuondoka. Ikishashika, taarifa ile inafaa kwa saa 2 hadi 4. Ukizima kwa ajili ya chai na kuwasha tena, inashika kwa sekunde chache. Mtu anayewasha gari likiwa tayari kwenye mwendo chini ya miti ndiye anayesema risiva mbovu.

#12 Bi Kaskazi
Na mahali pa kuiweka. Kwenye gari lenye tinti ya aina ya chuma au kioo cha mbele chenye tabaka la kuzuia joto, mawimbi yanadhoofika sana. Katavi mbung'o watawafungisha vioo, kwa hiyo usitegemee kuiweka dirishani wazi. Sehemu nzuri ni dashibodi karibu na kioo cha mbele, upande wa abiria, mbali na dashkamu (kamera ya dashibodi). Dashkamu na chaja za bei ya chini za kwenye soketi ya sigara zinatoa kelele inayofunika mawimbi ya GPS, ambayo yakifika ardhini ni dhaifu mno. Jaribio ni rahisi: fungua GPSTest kwenye Android, tazama safu za nguvu ya mawimbi, kisha chomoa chaja. Safu zikipanda, mhalifu umempata.

iPad yenyewe usiiweke juani. Apple wanasema mazingira yasizidi nyuzi 35, na dashibodi ya mchana inapita hapo mapema sana. Ikizidiwa inaandika onyo la joto na kujifunga. Risiva ya Bluetooth nayo ina betri ya lithiamu: ikipata joto sana inaacha kuchaji ingawa waya umechomekwa. Ifunike na kitambaa cheupe, nguo haizuii GPS.

#13 Nanga_Tupu
Nimeona GLO ya kwanza, si 2, mtu anauza iliyotumika. Na mwingine ana risiva ya zamani zaidi bei ya kutupa. Kuna hatari?

#14 Mpimaji_36S
Kwa iliyotumika angalia vitu viwili. Betri: iwashe ikiwa imechajiwa, iache nje, hesabu saa. Ikizima baada ya saa 3, bei ishuke kulingana na hilo.

Cha pili ni tarehe. GPS inahesabu wiki kwa namba inayorudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, yaani miaka 19 na miezi kama 7. Ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019. Risiva ambayo programu yake ya ndani haikuandaliwa kwa hilo inaweza kutoa mahali sahihi lakini tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Njia utakazorekodi zitajipanga ovyo, picha hazitaoana na njia, na programu nyingine zinakataa kabisa taarifa ya tarehe ya zamani. Kabla ya kulipa, soma tarehe kwenye mstari wa RMC (ile ya $GNRMC au $GPRMC aliyoitaja Fundi). Saa itakuwa nyuma kwa saa 3. Hiyo siyo hitilafu, ni saa ya dunia.

Bad Elf zile za kuchomeka pia ziangalie tundu. Za Lightning zinaingia kwenye iPad yako ya kizazi cha 9, ila ukibadilisha kwenda kizazi cha 10 chenye USB-C, imekula kwako. Bluetooth haina shida hiyo.

#15 Shemeji wa Tunduma
Nauliza na mimi ambaye mlinipuuza 😀. Nina ramani za karatasi za zamani za kipimo cha 1:50,000. Nikisoma koodineti humo na kuingiza kwenye simu, kijiji kinahama.

#16 Mpimaji_36S
Hujapuuzwa shemeji. Ramani hizo zimechorwa kwa datumu (msingi wa kuhesabia koodineti) ya Arc 1960, simu inatumia WGS84. Kwa Tanzania tofauti ni kama mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 90 mashariki-magharibi. Risiva ya nje haitakusaidia hapo, hata ya bei gani. Badilisha datumu ndani ya programu; OruxMaps na Locus zinaruhusu, na Garmin za mkononi zina Arc 1960 kwenye orodha.

Na ukitumia UTM, yaani koodineti za mita zinazogawa dunia kwa kanda, angalia kanda. Dar, Morogoro na Mikumi ziko kanda ya 37. Mpaka ni nyuzi 36 mashariki, unauvuka baada ya kupanda Kitonga, kabla ya Iringa mjini. Kuanzia hapo hadi Mpanda ni kanda ya 36. Namba za kanda moja ukiziingiza kwenye nyingine zinakutupa mamia ya kilomita.

Kosa la tatu ni la uandishi. Mtu anakutumia "6 38.2 kusini", yaani nyuzi 6 na dakika 38.2. Wewe unaandika 6.382. Sahihi ni 6.6367. Umekosea kilomita 28, na kwenye ramani ya porini hakuna kitu cha kukushtua.

#17 Nanga_Tupu
Basi naelekea GLO 2 au XGPS160. Nikiipata, niipime vipi hapa Dar ili nisidanganywe na Wi-Fi za majirani?

#18 Fundi Waya
Washa hali ya ndege, kisha nenda kwenye Mipangilio uhakikishe Wi-Fi imezimwa kabisa, halafu washa Bluetooth peke yake. Nenda uwanja wa wazi kama Coco Beach. Risiva ikiwa imezimwa, fungua ramani: nukta isionekane au iwe na duara kubwa. Sasa washa risiva, subiri. Nukta ikitokea na duara likibana, taarifa ya mahali inatoka kwa risiva kweli. Tembea mita 200, geuka, rudi. Baadhi ya risiva zina kichujio kinachogandisha mahali mwendo ukiwa mdogo. Kwa gari ni sawa, kwa kutembea utaona nukta inakataa kusogea halafu inaruka. Kama programu ya risiva ina sehemu ya kukizima, kizime.

Fanya jaribio lote na ramani zile zile utakazotumia, zikiwa zimepakuliwa. OsmAnd ya bure ina kikomo cha upakuaji, usigundue hilo ukiwa Mbeya. Na usishtuke urefu kutoka usawa wa bahari ukisoma chini ya sifuri pale ufukweni: vifaa vingine vinapima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, ambalo kwenye pwani yetu liko makumi ya mita juu ya bahari.

#19 Nanga_Tupu
La mwisho wakuu. Nikiwa ndani ya hifadhi, nukta ikawa pembeni ya njia iliyochorwa kwa mita 30 au 40, nimwamini nani, risiva au ramani?

#20 Bi Kaskazi
Simama dakika moja. Nukta ikitulia ndani ya mita chache, risiva iko sawa na ramani ndiyo imechelewa: mbuga za udongo mweusi kule magari yanahamisha njia kila baada ya mvua, na aliyechora alifuata picha ya setilaiti ya mwaka mwingine. Endelea na alama za matairi zilizo mbele yako, mradi nukta inakwenda sambamba na mstari. Ikiwa umesimama na nukta inazurura mita 20 huku na 20 kule, angalia kwanza kama risiva imeanguka chini ya kiti, kisha chomoa chaja. Na zima ile sehemu ya programu inayovuta nukta kwenye barabara iliyo karibu. Porini inaficha kosa badala ya kulionyesha, na kwenye njia panda mbili zilizokaribiana itakuweka kwenye ile usiyoifuata.